Kulipia Maziko Kabla ya Kufa: Mkataba Upi Unasihi?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Swali la safari hii limeletwa na watu wawili kwa njia mbili. Ndugu mmoja amefuatwa na wakala wa bima: alipe faranga 3,000 kila mwezi, na akifa familia yake ipewe pesa ya maziko. Dada mmoja yeye anataka jumuiya yetu ianzishe mfuko wa msiba, kila mwanachama atoe kidogo kila muhula, akifiwa au akifa asaidiwe. Wote wawili wanauliza: je, inajuzu? Kwa juu juu mambo haya yanafanana. Unatoa pesa leo kwa ajili ya kaburi la siku usiyoijua. Lakini kwenye fiqhi yanakwenda njia mbalimbali, na sababu ya kuachana kwake ndiyo somo letu.

Kwanza tuondoe wasiwasi mmoja. Wapo wanaoona kujiandalia maziko ni kujiita kifo. Imamu Bukhari ameweka mlango mzima kuhusu mtu aliyejiandalia sanda zama za Mtume (s.a.w.) na hakukatazwa. Ndani yake mna hadithi ya Sahl bin Saad: mwanamke alimletea Mtume shuka aliyoifuma kwa mkono wake, Mtume akaivaa hali anaihitaji, kisha mtu mmoja akamwomba ampe, naye akampa. Watu wakamlaumu yule mtu. Akajibu kuwa hakuitaka aivae, aliitaka iwe sanda yake. Na Sahl anasema ikawa kweli sanda yake. Basi kuandaa hakuna ubaya. Mjadala ni juu ya mkataba.

Pili, tujue ni nani mwenye mzigo huu kisheria, kwa sababu wengi wetu hudhani ni wa msikiti au wa ndugu. Gharama za kumwosha maiti, kumkafini, kumbeba na kumchimbia zinatoka kwenye mali yake mwenyewe, kabla ya wasia na kabla ya warithi. Musab bin Umayr (r.a.) alipouawa Uhud hakuacha ila nguo moja, wakimfunika kichwa miguu inatoka, wakimfunika miguu kichwa kinatoka. Mtume akaamuru afunikwe kichwa, na miguuni wakaweka nyasi za idhkhir. Wanazuoni wametoa hapo dalili kuwa sanda ni katika mali ya maiti, hata ikiwa ndiyo mali yake yote. Wamekhitilafiana kama madeni yaliyofungamana na kitu maalumu, mfano rehani, yanatangulia mbele ya maziko: Shafi wanasema ndiyo, Hanbali wanasema maziko kwanza. Mke, kwa Shafi, maziko yake ni juu ya mumewe. Asiye na mali yuko juu ya wale waliokuwa wakilazimika kumlisha, kisha Baytul Mal, kisha Waislamu wote kama fardhi kifaya. Kwa hiyo anayelipia mapema anailinda tarika yake isiguswe, au anawapunguzia mzigo watu wake. Nia ni njema. Lakini nia njema haisahihishi mkataba mbovu.

Tuuchukue sasa mkataba wenyewe. Kampuni au mtu anakwambia: nilipe kila mwezi mpaka ufe, ukifa nitakuosha, nitakukafini, nitatoa gari na wachimbaji. Hapa kinachouzwa ni vitu (sanda, ubao, manukato) pamoja na kazi za watu (kuosha, kuchimba, kubeba). Kuajiri watu kwa kazi hizo ni halali, wala hakuna aibu mwosha maiti kulipwa ujira wake. Tatizo liko kwenye muda na bei. Unalipa mpaka lini? Hujui. Kazi itafanywa lini? Hujui. Wewe unaweza kulipa mwezi mmoja ukafa, mwenye kampuni akala hasara. Au ukalipa miaka arobaini, ukanunua maziko yako mara kumi. Pengine ukafia mbali, wakakuzika watu wengine, na ulicholipia kisipatikane kabisa. Hii ndiyo gharari aliyoikataza Mtume katika hadithi ya Abu Hurayra aliyoipokea Muslim: biashara ambayo mwisho wake umefichika, mmoja hupata kwa sababu mwenzake amekosa.

Mwanafunzi wa fedha ataniambia: lakini mna salamu katika fiqhi, bei hutangulizwa na bidhaa hufuata. Ni kweli. Mtume aliwakuta watu wa Madina wakilipia tende mwaka na miaka miwili kabla, hakuwakataza, bali akawawekea mipaka: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Pima mkataba wetu kwa mizani hiyo. Sharti la muda limeanguka. Na kwa jumhuri ya wanazuoni, salamu haisihi mpaka bei yote ilipwe kwenye kikao cha mkataba, ama sivyo inakuwa deni kwa deni. Malipo ya kila mwezi hayaingii hapo.

Mwingine atasema kifo si kama mvua, hakina shaka, kitakuja tu. Sawa, kitakuja. Lakini kuwa na yakini ya jambo si kuujua wakati wake. Katika hadithi ya Ibn Umar, Mtume amekataza biashara ya habalul habala, na moja ya tafsiri zake ni mtu kununua na kuahirisha malipo mpaka ngamia azae, kisha mtoto wake naye azae. Imamu Malik aliruhusu muda wa mavuno, kwa kuwa watu wanakadiria mavuno kwa wiki chache. Shafi na Hanafi hata hilo hawakulikubali. Nani anakadiria kifo kwa wiki chache? Kwa rai yangu hili ndilo fundo lote, na sijaona njia ya kulifungua mkataba ukibaki wa kuuziana.

Ikiwa bei imewekwa moja, tuseme faranga 300,000 kwa miaka mitatu, gharari ya bei imeondoka. Ya muda imebaki. Na swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi ni hili: nikifa baada ya mwezi wa pili, salio ni juu ya nani? Kama mkataba unasema limesamehewa, mmerudi kwenye bima. Kama unasema tarika italipa, angalau ni deni linaloeleweka.

Ipo njia ya kulipia mapema isiyo na matatizo hayo, nayo ni kuacha kununua huduma na badala yake kuweka pesa. Unamkabidhi mtu mwaminifu au ofisi pesa zako, unasema hizi ni za maziko yangu, bei itakuwa ya siku hiyo. Hapo hamjauziana chochote. Pesa ni zako, na zikifika nisabu zikazungukiwa na mwaka, zaka yake ni juu yako. Lakini angalia mambo mawili ambayo watu huyapita.

La kwanza: pesa ile ni amana au ni karadha? Ikikaa peke yake haiguswi, ni amana, na mwenye kuitunza hadhamini ikipotea bila uzembe wake. Akiichanganya na mtaji wake akaitumia, imekuwa karadha, na ni deni juu yake hata biashara ikifilisika. Na ikishakuwa karadha, ahadi ya kwamba weka 200,000 leo upate huduma ya 300,000 baadaye ni nyongeza iliyoshurutishwa juu ya mkopo. Jina lake tunalijua. Uingereza waliona ubaya wa kutouliza swali hili. Kampuni ya Safe Hands Plans iliuza mipango ya maziko iliyolipiwa mapema, ikaanguka Machi 2022 ikiwaacha wateja karibu 46,000, wengi wao wazee, hawajui kama watazikwa kwa pesa waliyotoa. Serikali ilikuwa imeshaamua kuiweka biashara hiyo chini ya mamlaka ya usimamizi wa fedha, na usimamizi ulianza tarehe 29 Julai mwaka huohuo. Wale wateja miezi minne ile haikuwangoja.

La pili ni zito zaidi, na sikulijua mpaka nilipofika mlango wa wakala katika vitabu. Uliyemkabidhi pesa ni wakili wako. Na uwakili huvunjika kwa kufa kwa aliyewakilisha. Yaani dakika ile ile ambayo unamhitaji afanye kazi, ruhusa yake inakatika! Pesa imeshakuwa ya tarika, warithi wana haki nayo, na yeye akiitumia bila ya idhini anatumia mali ya watu. Dawa yake si uwakili bali ni wasia: unamfanya wasii, unaandika, unashuhudisha, kwamba baada ya kufa kwangu fulani achukue pesa zilizo mahali fulani anizike, na kitakachobaki akirudishe kwa warithi. Mtume alikwisha tuhimiza kuwa Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Mkataba wowote unaosema masalio ni ya kampuni unakula mali ya warithi. Na ukiusia maziko ya fahari kupita kawaida ya watu wa hali yako, ile ziada haitoki juu ya tarika, inaingia katika theluthi ya wasia.

Sasa bima ya mazishi ya kawaida, swali la yule ndugu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha pili kilichofanyika Jeddah Desemba 1985, lilitoa azimio namba 9 kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa inayoharibu mkataba, kwa hiyo ni haramu, na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana iliyojengwa juu ya kujitolea. Kwenye bima inayolipa pesa taslimu kunaongezeka riba, kwa kuwa ni pesa kwa pesa, si sawa kwa sawa wala si mkono kwa mkono. Insafu inatutaka tuseme kwamba Sheikh Mustafa al-Zarqa, faqihi mkubwa wa Sham, aliihalalisha bima na akaitetea miaka mingi. Hakuwa mtu wa kubezwa. Hata hivyo wengi hawakumfuata, nami sioni dharura ya kuifuata rai yake katika jambo la maziko, ambalo jamii zetu zimelitatua kabla ya kampuni za bima kuzaliwa.

Tazama majirani. Tanzania wana vikundi vya kufa na kuzikana kila mtaa. Uganda wana munno mukabi. Sisi Rwanda tuna ibimina, na vijijini wazee wanakumbuka ushirika wa ingobyi, watu wa mlima mmoja wakipeana zamu kumbeba mgonjwa mabegani. Vyote hivi ni karibu sana na hadithi ya Ash'ariyyuna ndani ya Bukhari na Muslim: chakula kikiwapungukia safarini au mjini, walikusanya walichonacho kwenye nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume akawasifu kuwa wao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Hakuna aliyehesabu nani alileta kiasi gani.

Kwa nini gharari ileile inayoharibu bima isiharibu kikundi? Al-Qarafi, faqihi wa Maliki, ameeleza tofauti hii vizuri katika al-Furuq. Anayenunua ngamia aliyepotea akikosa kumpata, amepoteza pesa yake. Anayepewa zawadi ngamia aliyepotea, asipompata hakupoteza kitu. Kutojulikana kunadhuru kwenye kubadilishana, hakudhuru kwenye kutoa. Mwanachama anayetoa faranga 2,000 kwa muhula akamaliza chuo bila ya kufiwa, hakudhulumiwa. Alitoa. Kwa msingi huu ndipo ilipojengwa takafuli, na Kenya wanayo kampuni ya Takaful Insurance of Africa iliyoanza kazi mwaka 2011.

Hata hivyo jina la kusaidiana halitoshi. Ibimina vingi hukopesha pesa ya mfuko kwa nyongeza, halafu mwisho wa mwaka hugawana faida. Mfuko wa msiba ukifanya hivyo umeingia kwenye riba kwa mlango wa nyuma. Pesa zikae kwenye akaunti isiyo na riba, hata ikiwa hazikui. Na katiba ichague moja: ama michango ni ya kutoa, hairudi mtu akiondoka, ama ni amana za watu, na kila mtu arudishiwe yake. Nimeona rasimu za vikundi zinazosema vyote viwili, kwamba mchango ni msaada lakini anayehama arudishiwe nusu. Nusu ya nini? Ikiwa ulitoa, si yako tena. Ikiwa haukutoa, basi tuliotumia nusu ile kumzikia mtu tulitumia mali yako.

Kuna jambo letu sisi hasa, ambalo vitabu vya nje haviligusi sana. Wengi wetu ni watoto wa kwanza kusilimu katika nyumba zao, au wazazi wao walisilimu baada ya 1994 na babu na bibi wakabaki kanisani. Dada aliyeleta swali aliniuliza pembeni: mama yangu ni Mkristo, akifa mfuko utanisaidia? Jibu langu ni ndiyo, na katiba iseme wazi ili asije akaulizwa akiwa na msiba. Abu Talib alipokufa, Mtume alimwamuru Ali (r.a.) aende akamzike baba yake, kama walivyopokea Abu Daud na Nasai. Na aya ya 8 ya Suratul Mumtahana haikatazi wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita. Hatumswalii swala ya jeneza, lakini kaburi, jeneza na gari vinalipika. Kisicholipika ni pombe ya kikiriyo, na siku ya gukura ikiriyo mambo hayo huwa mengi. Pesa ilipwe moja kwa moja kwa mchimbaji na mwenye gari, isipite mikononi mwa kamati ya familia, hapo hakuna atakayeona haya wala kugombana.

Na hata kwetu Waislamu, mfuko usigeuke jiko. Jaafar (r.a.) alipouawa, Mtume aliamuru watu wawapikie familia yake chakula kwa kuwa wameshughulishwa. Leo waliofiwa ndio wanaopika, tena wanakopa.

Niguse kiwanja cha kaburi, kwa sababu Kigali ardhi ni ghali na watu wameanza kuuliza kama mtu anaweza kujilipia mahali pake mapema. Imamu Ahmad alisema hapana ubaya mtu kununua mahali pa kaburi lake na kuusia azikwe hapo, na akataja kuwa Uthman, Aisha na Umar bin Abdul Aziz walifanya hivyo, kama alivyonukuu Ibn Qudama. Hiyo ni ardhi inayomilikiwa. Makaburi yaliyo wakfu kwa Waislamu hayauzwi wala hayashikiwi nafasi, anayetangulia kufika ndiye mwenye haki, kama viwanja vya Mina. Kinachoweza kulipiwa hapo ni kazi ya kuchimba na utunzaji, na risiti iandike hivyo. Nasi nchini tuna sheria ya mwaka 2013 ya mpangilio na matumizi ya makaburi, kwa hiyo hata kwenye makaburi ya kulipia unachonunua kwa kawaida ni haki ya kutumia, si ardhi. Soma karatasi. Tena Surat Luqman imetukumbusha katika aya yake ya mwisho kuwa hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani. Kwa wenzetu wa Goma na Bujumbura hili lina uzito: Imamu Nawawi katika Minhaj ameharamisha kumhamisha maiti kwenda mji mwingine, ila akiwa karibu na Makka, Madina au Baytul Maqdis. Ningependa mfuko uweke asili kuwa mtu azikwe alipofia, na nauli ya mwili isiwe mzigo wa wote. Najua wapo watakaokataa, na wazazi wana neno lao.

Mwisho niseme juu ya mahakama. Rwanda hatuna kadhi kama Kenya au Zanzibar. Ugomvi wa pesa hizi utakwenda kwa abunzi au mahakama ya kawaida, na huko wataangalia maandishi chini ya sheria ya mikataba ya 2011 na ile ya 2012 ya ushindani na ulinzi wa walaji. Biashara ya bima inasimamiwa na Benki Kuu, BNR. Anayekusanya pesa za watu akiahidi kulipa mtu akifa, muulize leseni yake, hata kama ana ndevu ndefu na anaswali safu ya mbele. Allah ametuamuru katika mwanzo wa Suratul Maida kutimiza mikataba, na aya ya deni katika Suratul Baqara ikatuamuru kuandika. Kwa mfuko wetu maandishi yanayohitajika si mengi: majina ya wanachama na wanaowategemea, kiasi cha mchango, tamko kuwa ni kutoa na hakurudi, nani anashika simu ya MoMo na nani wa pili anaidhinisha, hesabu kusomwa mbele ya watu kila mwisho wa muhula, na pesa zikibaki siku mfuko ukivunjwa ziende wapi. Hili la mwisho wengi hulisahau, kwa sababu kila mwaka theluthi ya wanachama wanahitimu na wanaobaki si wale walioanzisha. Mimi napendekeza zigeuzwe sanda na mbao za makaburi ziwekwe msikitini kwa yeyote atakayefiwa hana kitu. Rasimu italetwa baada ya swala ya Isha wiki ijayo, anayeweza kuisahihisha, hasa ninyi wa uhasibu, aje na kalamu.

Wabillahi tawfiq.